Mtupaji Mmoja Angoje pa Kiti

Wandugu wanafunzi na walimu wetu, tuko na neno juu ya ekipi yetu ya basketi. Kila mara wale watano wenye kutupa muzuri wanaingia wote pamoja tangu filimbi ya kwanza. Pointi zinakuwa mingi, tunapiga makofi. Kisha wanachoka, mmoja anafikisha makosa matano, anatoka. Pa kiti kunabaki nani? Wale ambao hata kwenye mazoezi hatuwapatiake mupira.

Siye tunaona heri mutupaji mmoja angoje, aingie wakati wapinzani wamechoka. Nafasi yake achukue mwenye kujua kukinga. Kule Marekani, Red Auerbach, mwalimu wa Boston, alifanya hivyo na Frank Ramsey, kisha na John Havlicek, na Boston ikashinda ubingwa miaka nane mfululizo, 1959 mpaka 1966.

Lakini shida si mwalimu tu. Siye wa kando ya kiwanja, mutu akikaa kidogo tunamwita “mlinzi wa viatu”. Nani atakubali kungoja namna hiyo? Jumamosi, akiitwa kuingia, tumupigie makofi sawa na wale wa kwanza.