Vikwembe vya China: mama, usitume pesa bado

Mama mmoja aliyehama kijiji chake aliniuliza hapa Butembo: atume dola zake 400 kule Guangzhou, aletewe vikwembe? Ni pesa ya mbuzi aliowauza kabla ya kukimbia. Nilimwambia hapana mama, bado.

Mimi naona hivi. Picha ya kwenye simu haionyeshi kitambaa. Kikwembe cha wax ukikigeuza, rangi iko pande zote mbili. Kile kilichochapwa upande mmoja, mgongo wake umefifia, na wateja wa soko wanajua kugeuza kuliko sisi wanaume. Tena bei ya China siyo bei ya Butembo: kuna meli hadi Mombasa, lori la kupita Uganda, ushuru pale Kasindi. Mzigo ukichelewa, watoto watakula nini?

Anunue kwanza vipande vichache vya yadi 6 kwa muuza jumla wa hapa mjini, ajue rangi gani inatoka. Hata wafanyabiashara wakubwa wanachanga mizigo katika kontena moja. Akina mama wa likilimba wanaweza vilevile, wakimtuma mtu ambaye nyumba yake wanaijua.

Juzi nilimkuta na vipande 3 kichwani. Kimoja ameshakikopesha, na hilo silipendi.