RIMU ZENYE UFA ZIKATWE KWANZA, NDIPO ZIUZWE



Rimu nane za alumini za lile tela letu la zamani zimelala nyuma ya ghala misimu mitatu, kuku wakitagia ndani yake. Mwezi uliopita vijana wetu wa gereji walizitoa, wakaziosha na kuanza kuzing'arisha. Maneno yakazuka. Wapo wanaosema huo ni urembo tu, eti lori si bibi harusi. Wapo wanaosema ziuzwe zote kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hela ziingie mfukoni, basi. Sisi tunaoandika ukuta huu tunalo letu, na tunaomba mtusikilize kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Kwanza, jamani, rimu ya alumini siyo sufuria. Rimu za namna hii za malori zilianza Marekani mwaka 1948, zikitengenezwa na kampuni ya Alcoa kwa kugandamiza alumini ya moto kwa mashine yenye nguvu kubwa. Ni imara, na tena ni nyepesi. Moja huwa pungufu ya ile ya chuma kwa kilo 10 hivi, pengine zaidi. Kwa magurudumu manane ni kilo 80, yaani karibu gunia zima la mahindi. Lori likipunguza uzito wake lenyewe, linabeba mzigo wetu.

Pili, kuzisafisha ndiko kuzikagua. Chini ya tope na grisi ufa hauonekani. Ukiosha na kung'arisha, unaona kila kitu, hasa kuzunguka matundu ya nati, ambako ufa hupenda kuanzia. Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Toa upepo wote kabla ya kugusa tairi. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida. Kostiki ile tunayopikia sabuni isisogezwe hapo, maana inaila alumini. Kisha piga msasa wa maji namba 400, halafu 600, halafu 1000, umalizie kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Ziba pua na mdomo, vumbi lake si zuri kifuani. Na pale nati inapokalia, usisugue ukapachimba.

Sasa tufike penye mgogoro. Baada ya kuoshwa, rimu sita zimetoka nzima. Mbili zina ufa, mwembamba kama unywele, kutoka tundu la nati kwenda nje. Tunajua msemo wetu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa rimu hauzibwi, ndugu zetu. Alumini ya rimu ilipewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Fundi akiichomelea, ule moto unailegeza pale pale pembeni ya kiraka. Ukiing'arisha juu yake inapendeza kweli, lakini siku ya mteremko, tela limejaa, itaachia.

Mnunuzi mmoja amekuja. Kwa zile mbili zenye ufa anatoa bei nzuri kuliko ya chakavu, kwa sharti moja: zisikatwe. Tumuulize, anazitakia nini nzima? Za kuyeyusha hazihitaji kuwa nzima. Tunaona wazi zitachomelewa, zing'arishwe, ziuzwe kwa mtu asiyejua. Na barabara ni hii hii wanayopita watoto wetu kwenda shule.

Wengine wanasema, "Akishanunua ni zake, dhambi ni yake." Hapana. Aliyeuona ufa ni sisi. Tukiuuza tukinyamaza, tumeuza na roho ya mtu. Tofauti ya bei tunaijua, na tunajua mifuko yetu ilivyo mitupu kabla ya mavuno. Hata hivyo tunasema hela hiyo tuiache.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Sita nzima zimaliziwe kung'arishwa na zirudi kazini. Fundi ahakikishe bolti ni ndefu za kutosha, kwa kuwa alumini ni nene kuliko chuma, na nati zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Zile mbili zikatwe vipande kwa msumeno mbele ya mkutano, kila mtu aone, ndipo ziuzwe kwa kilo zikayeyushwe. Zikirudi kijijini zikiwa sufuria, tutapikia kwa amani.

Asiyekubaliana nasi aje Jumamosi aseme mbele ya wote, asiseme kisimani. Rimu zote nane zitakuwa pale ghalani. Njooni mpitishe kidole juu ya ule ufa kabla ya kupiga kura.

Sisi waandishi wa ukuta huu.