Mwamuzi naye awajibike

Ndugu wasikilizaji wa Kolwezi, na ninyi familia mliokimbia makwenu mkapokelewa hapa Lualaba, mwamuzi ni mtu kama sisi, anaweza kukosea. Kinachotuuma ni kimya kinachofuata.

Tarehe 12 Novemba 2016, Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal, eti Koulibaly ameshika mpira. Mpira ulikuwa umemgonga gotini! FIFA ilichunguza, ikamfungia maisha mwaka 2017. Mechi ikarudiwa, Senegal ikashinda 2-0 na kwenda Kombe la Dunia. Kumbe inawezekana.

Kwetu watu hutoka uwanjani bila jibu. Jioni, mtaani, swali linakuwa: mwamuzi yule ni wa kabila gani? Hapo mpira umekwisha, yamebaki mawe. Ninyi mliofukuzwa makwenu mnajua maneno ya namna hiyo yanafikia wapi.

Ombi letu kwa FECOFA ni dogo: mwamuzi akikosea, kosa litajwe hadharani, na adhabu itangazwe redioni. Nasi mashabiki tuache mawe chini. Timu ikifungwa kwa haki, twende nyumbani tukalale.