Wenye magari ya mazao walipie vipimo, si kubahatisha

BARIDI ya Juni na Julai inaposhika katika miteremko ya Mlima Meru, magari mengi ya zamani yanayobeba mazao hugoma kuwaka alfajiri. Pikapu iliyopakiwa nyanya jioni kule Ngarenanyuki, ikitarajiwa kufika soko la Kilombero jijini Arusha kabla ya kupambazuka, hubaki ikisukumwa na vijana. Inapofika sokoni saa nne asubuhi, wanunuzi wa jumla wameshapakia na kuondoka. Kwa mkulima na mchuuzi, hitilafu ya umeme wa gari ni suala la bei ya mazao, si la gereji peke yake.

Hata hivyo, mara nyingi hasara kubwa haitokani na hitilafu yenyewe. Inatokana na namna inavyotafutwa. Utaratibu uliozoeleka ni kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine. Gari lisipowaka hununuliwa betri. Likigoma tena wiki inayofuata hubadilishwa alteneta, kisha stata. Mwishowe hugundulika kuwa waya unaounganisha betri na bodi ya gari ulikuwa umeliwa na kutu.

Ni rahisi kuwalaumu mafundi, lakini wenye magari nao wanachangia. Wengi hawataki kulipia kazi ya kupima. Fundi aliyetumia saa nzima kutafuta tatizo na kulimaliza kwa kukaza nati moja hupewa fedha ya soda, tena kwa manung'uniko. Aliyefunga alteneta hulipwa bila mjadala. Kwa malipo ya namna hiyo, anayepima hulala njaa na anayebahatisha hushiba. Ndiyo maana kubahatisha kunaendelea.

Ichukuliwe hesabu ya mfano. Mwenye gari ananunua betri kwa Sh200,000, alteneta ya mtumba kwa Sh150,000 na kulipa ufundi Sh40,000. Jumla ni Sh390,000 na tatizo bado lipo. Kama angemlipa fundi Sh20,000 za kupima, na waya mpya wa Sh10,000, angetumia Sh30,000. Tofauti ya Sh360,000 ni mbolea na mbegu za msimu, bila kuhesabu nyanya zilizoozea njiani.

Vipimo vyenyewe havihitaji mitambo mikubwa. Mita ndogo ya umeme inayosoma volti na ampea inatosha. Cha kwanza hupimwa asubuhi kabla gari halijawashwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na chini ya 12 imeisha. Betri iliyoisha haijawa mbovu bado. Ichajiwe kwanza, kisha ipimwe wakati stata inazungusha injini. Iliyojaa chaji ikianguka chini ya volti 9.6 hapo, ndipo kuna sababu ya kuitilia shaka.

Cha pili hupimwa injini ikiunguruma. Mita iliyowekwa kwenye vichwa vya betri inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, chaji haifiki. Uangaliwe mkanda wa alteneta, kisha fyuzi na waya zake, na alteneta yenyewe iwe ya mwisho kulaumiwa. Ikipita 15, betri inachemshwa na itakufa hata kama ni mpya. Malori yenye mfumo wa volti 24 huzidishiwa vipimo hivi mara mbili.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ni cha waya. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, huku stata ikizungushwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kwenye waya wa bodi au viungio vyake. Kwa barabara za vumbi na mashimo zinazouzunguka mlima, viungio kulegea na kushika kutu ni jambo la kawaida. Dawa yake ni msasa, spana na dakika 20.

Cha nne ni kwa gari linaloamka bila chaji baada ya kulala siku mbili au tatu. Kila kitu huzimwa, waya hasi huchomolewa kwenye betri, na mita ya ampea huunganishwa katikati ya waya huo na betri. Stata isiguswe wakati huo, maana mita itaungua. Kwa kawaida matumizi hayapaswi kuzidi ampea 0.05. Yakizidi, fyuzi huchomolewa moja moja hadi yashuke, na hapo njia inayonyonya umeme imejulikana. Redio na king'ora vilivyofungwa baadaye visisahaulike. Mnyonyo wa nusu ampea tu humaliza betri ya ampea 60 kwa saa katika siku tano, na gari huweza kushindwa kuwaka siku mbili kabla ya hapo.

Baadhi ya wenye magari huamini kuwa kompyuta ya gereji itamaliza ubishi. Marekani iliweka mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kwa kompyuta katika magari madogo kuanzia yale ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa yale ya petroli. Pikapu nyingi za dizeli za miaka ya 1980 zinazobeba kabichi hazina hata mahali pa kuchomeka kompyuta hiyo. Hata kwenye gari jipya zaidi, kompyuta hutaja njia yenye tatizo, lakini haionyeshi waya uliokatika.

Zipo pia tabia za kuachwa mara moja. Kuchomoa waya wa betri injini ikiunguruma ili "kujaribu" alteneta huweza kuiua alteneta iliyokuwa nzima. Kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyoungua ni kukaribisha moto, kwani fyuzi huungua kwa sababu. Na maji ya bomba au ya mto yasitiwe kwenye betri. Maji ya maeneo mengi ya Meru yanajulikana kwa wingi wa floraidi na madini mengine, ilhali betri inahitaji maji yaliyotakaswa yanayouzwa kwa kazi hiyo.

Baridi nayo isisingiziwe kila kitu. Ni kweli hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili kuwa nzito, na injini ya dizeli yenye plagi mbovu za kupasha joto huwaka kwa shida. Lakini gari lenye betri iliyojaa, waya safi na plagi nzima huwaka Julai kama linavyowaka Januari.

Wakati umefika kwa wenye magari ya mazao kukubaliana na fundi ada ya kupima kabla boneti haijafunguliwa, na kuilipa hata kama tatizo litakuwa nati iliyolegea. Fundi naye aonyeshe namba kwenye mita kabla ya kumtuma mteja dukani, na arudishe kifaa cha zamani. Vyama vya wakulima na vikundi vya wachuuzi vinaweza kununua mita moja na kumpeleka kijana wao chuo cha ufundi akajifunze umeme wa magari. Mkulima hakubali nyanya zake zikadiriwe uzito kwa macho. Asikubali gari lake litibiwe hivyo.