Mtoto Asiyejibu Asikilizwe Kwanza

Katika madarasa ya awali ya Masasi na Newala, kama kwingineko nchini, hutokea jambo linalostahili kutazamwa kwa jicho la tiba. Mwalimu huuliza swali, mtoto hunyamaza; huulizwa tena, hunyamaza. Punde huitwa mzito au mkaidi, na jina hilo humfuata darasa hadi darasa. Hiyo ni hukumu iliyotangulia uchunguzi.

Kimya cha mtoto kina sababu nyingi. Huenda nyumbani kwao huzungumzwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, na Kiswahili cha darasani bado ni kigeni kwake. Huenda ana njaa au hofu. Huenda pia hasikii vizuri. Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu, homa ya uti wa mgongo na malaria kali vyaweza kudhoofisha usikivu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takribani asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni unazuilika.

Kwa hiyo kumsikiliza mtoto kwa makini si hisani ya mwalimu mpole, bali ni hatua ya kwanza ya uchunguzi. Mwalimu na achuchumae, macho yake yalingane na ya mtoto, aulize, kisha angoje bila kumkatiza. Amsalimu kwa lugha ya nyumbani. Akichangamka na kuitika, huenda kikwazo ni lugha. Asimame nyuma yake amwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, na hali ikajirudia siku nyingine, apelekwe kupimwa masikio.

Itasemwa kwamba watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja. Ni kweli. Lakini watoto watatu kwa siku, katika siku 20 za masomo, ni watoto 60.

Wengine nao wana wajibu. Mzazi asitie mafuta wala maji ya majani katika sikio linalotoa usaha; ampeleke mtoto zahanati. Mhudumu wa afya naye asimrudishe mzazi kwa kumwambia kwamba mtoto atakua na tatizo litakwisha. Neno la mwalimu kwamba mtoto haitiki lipokewe kama dalili, na sikio lichunguzwe.

Mtoto wa miaka mitano hawezi kueleza kwamba hasikii, kwa kuwa hajui wenzake husikiaje. Mtu mzima ndiye anayepaswa kugundua.