Hesabu ya Kihansi

Mwananchi aliyepata kusikia habari za vyura wa Kihansi hukumbuka jambo moja: kwamba walipandishwa ndege wakapelekwa Marekani. Wengi walicheka. Wengine waliuliza ni vipi chura apande ndege hali vijiji vingi vingali vikiwasha vibatari. Sisi twaona swali hilo lilikuwa la haki, ila lilielekezwa pasipo. Wa kuulizwa si chura.

Hebu tuyatazame mambo yenyewe. Katika mteremko mkali wa milima ya Udzungwa, Mto Kihansi huporomoka kwa kishindo, na manyunyu yake yalikuwa yakiyalowesha majani ya kando usiku na mchana. Mwaka 1996, kazi ya kujenga bwawa la umeme ikiwa imekwisha anza, wataalamu walimgundua humo chura wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto. Makao yake yote duniani yalikuwa kiasi cha hekta 2 tu.

Kufikia mwaka 2000 maji yalikuwa yamegeuzwa na kupitishwa ndani ya mwamba, yazungushe mitambo yenye uwezo wa megawati 180. Kiasi cha sehemu tisa katika kumi za maji ziliondolewa katika poromoko. Manyunyu yakatoweka. Mwaka huo huo vyura karibu 500 walichukuliwa kwenda kutunzwa New York, na bondeni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, mvua ya bandia pale ambapo ya kweli haikupata kukoma. Hata hivyo mwaka 2003 idadi ya vyura ilianguka ghafula, na maradhi ya kuvu yakaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawako tena porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine zaidi ya 2,000 wakafunguliwa katika bonde la asili yao.

Je, twasema bwawa lisingejengwa? Hasha. Nchi yetu ina haja kubwa ya umeme. Serikali imekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wapike kwa nishati safi. Na kila jiko la mkaa linalozimwa huokoa miti ya msitu na kifua cha mama anayepika.

Tusemalo ni hili: nishati haiwi safi kwa kukosa moshi peke yake. Pale Kihansi hesabu ya viumbe ilifanywa baada ya hesabu ya megawati, na ndiyo sababu kila dawa ilikuwa ghali: mabomba, ndege na miaka kumi na miwili ya kungoja. Lau hesabu hizo mbili zingefanywa pamoja, fungu la mto lingalijulikana kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Leo bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Chini yake wako wakulima na wavuvi, na iko mikoko ya delta. Hao si vyura wa kuchukuliwa kwa ndege. Maji wanayoachiwa si sadaka. Ni haki yao.

Kwa hiyo twataka kila mradi wa namna hii utangaze mapema kiasi cha maji kitakachobaki mtoni, na wanavijiji waulizwe pamoja na wataalamu wa viumbe kabla mikataba haijatiwa sahihi. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza baada ya maji kugeuzwa ni hasara, na hasara hiyo hulipwa na taifa zima.