Mazungumzo ya Nyumbani: Damu Inapozidi Kipimo



Kwetu kila mama aujua upungufu wa damu. Kwa hiyo daktari alipotuambia, yapata miaka saba sasa, ya kuwa baba wa nyumba yetu anaugua kwa sababu damu yake imezidi, tulitazamana kwa mshangao, tukadhani amekosea.

Hakukosea. Ugonjwa huo huitwa polisithemia vera, na Vaquez, daktari wa Ufaransa, aliueleza mwaka 1892. Ndani ya mifupa mna uboho, na humo ndimo damu itengenezwamo. Katika ugonjwa huu uboho hutengeneza chembe nyekundu kupita haja. Damu huwa nzito, nayo yaweza kuganda mishipani na kuleta kiharusi au kuziba mishipa ya moyo. Mwaka 2005 wataalamu waligundua badiliko liitwalo JAK2, ambalo huonekana kwa wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100. Kwa kawaida mtu hazaliwi nalo, wala ugonjwa wenyewe hauambukizi. Twalisema wazi, maana jirani mmoja aliwakataza watoto wake kunywa maji kwetu.

Mgonjwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu, na mara nyingi huwashwa mwili akiisha kuoga maji ya moto. Lakini watu wakimtazama usoni huenda wasione kitu, wakamwita mvivu. Neno hilo lilimwuma baba kuliko sindano.

Matibabu ya kwanza ni kutolewa damu hospitalini, mara nyingi nusu lita hivi kwa mara moja. Wala hayo si mambo ya kupigwa chuku. Shabaha ni chembe nyekundu zisifike sehemu 45 katika 100 za damu. Uchunguzi wa Italia uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha ya kuwa walioshika kipimo hicho walipatwa na madhara ya kuganda kwa damu mara chache kuliko walioachiwa kipimo cha juu zaidi. Wengi hupewa pia asprini kidogo kila siku, kwa shauri la daktari. Na wenye hatari kubwa zaidi hupewa dawa ya kupunguza kazi ya uboho.

Mwaka wa tatu tulikosa. Baba alijiona mzima, mitihani ya shule ilikuwa karibu, akaacha kwenda hospitali mara mbili. Nasi tulinyamaza, kwa kuwa kuutaja ugonjwa kulionekana kama kuukaribisha. Asubuhi moja alisimama mlangoni, jicho lake moja likaingia giza kwa dakika kadhaa. Nuru ilirudi, lakini daktari alituambia ya kuwa hilo lilikuwa onyo. Ndipo tulipofahamu kwamba ukimya wetu, tuliouita ushujaa, ulikuwa hofu.

Tangu siku hiyo tarehe ya kupimwa huandikwa ukutani, na mtoto wetu wa pili ndiye mlinzi wake. Baba ameacha tumbako, na jioni hutembea kwa miguu. Majirani wakimletea maji ya rozela ili aongeze damu, twawashukuru kwa upendo wao na kuwaeleza habari ilivyo. Dawa za chuma hatununui pasipo ruhusa ya daktari.

Twajua ya kuwa ugonjwa huu huhesabiwa katika saratani za damu, na ya kuwa dawa hizi huutuliza tu, haziuondoi. Huenda polepole, na wengi huishi nao miaka mingi. Lakini kwa wengine uboho huja kukakamaa, na kwa wachache hugeuka saratani iliyo kali zaidi. Watoto wakubwa tumewaambia hayo. Walilia usiku mmoja, kisha wakaanza kuuliza maswali, na nyumba ikawa nyepesi.

Mwezi uliopita baba alipanda michungwa minne. Mdogo wao akamwuliza, “Baba, itazaa lini?” Akajibu, “Leta maji kwanza.” Huo ndio moyo mkunjufu tunaoujua sisi: kuitambua hatari, kufanya kazi ya leo, na kulala.

Basi, mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani asimfiche, wala asimhesabu kuwa amekwisha. Mficha ugonjwa, kilio humfichua. Mwulizeni tarehe yake ya hospitali, mkamsindikize.